Kutambua hatari katika eneo la ujenzi wa barabara

Kabla mitambo haijawashwa asubuhi, lipitie eneo la kazi kwa miguu, ukitazama kilichobadilika tangu jana. Mtaro wa kalavati ndio uangaliwe kwanza na kwa muda mrefu zaidi, hasa baada ya mvua: nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, udongo unaomeguka kidogo kidogo au maji yanayochuruzika kutoka ubavuni ni ishara kwamba kuta zinaweza kuporomoka. Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito unaozidi tani moja, kwa hiyo mtu yeyote asishuke, hata kwa dakika moja ya kuokota sepetu, mpaka kuta zimewekewa mihimili. Kifusi nacho kisikae karibu na ukingo kwa chini ya sentimita 60.

Kisha keti katika kiti cha dereva wa greda na wa tipa, ujionee sehemu asizoweza kuziona anaporudi nyuma. Lami ya moto, ambayo humwagwa ikiwa na nyuzi joto zipatazo 150 za Selsiasi, huunguza hata inapoonekana imetulia. Koni na vibao vya tahadhari vikague kwa kuvijia kama dereva mgeni, mchana na usiku.