Taa inafifia ghafla? Usikimbilie kununua balbu

Kabla ya kushika bisibisi, tazama tatizo limefika wapi: taa moja, nyumba nzima, au hadi kwa jirani.

Taa moja. Hamishia balbu kwenye holda nyingine. Ikififia na huko, imechoka. LED za bei poa hufa hivyo, joto likishakausha kapasita (kifaa kidogo cha kutunza chaji ndani ya balbu), hasa ndani ya globu iliyofungwa. Ikiwaka vizuri, shida iko kwenye holda au swichi. Zima mein swichi. Swichi ya ukutani haitoshi, kuna mafundi wanaoiunga ikate nyutro (waya wa kurudi) badala ya laivu (waya unaoleta umeme). Hakikisha kwa testa, ndipo ufungue. Tafuta skrubu iliyolegea, waya uliobadilika rangi, ncha za holda zilizolala au kushika kutu (hapa Kigoma, mitaa ya Kibirizi na Bangwe, karibu na ziwa, anza na kutu). Kata palipoungua, menya upya kama milimita 8, kaza. Holda iliyoyeyuka haisafishwi, inabadilishwa.

Nyumba nzima. Weka multimita (kipima umeme) kwenye volti za AC, pima soketi. Kawaida ni volti 230; chini ya 207 upungufu umepita asilimia 10. Sasa washa birika la wati 2000, ambalo huvuta karibu ampea 8.7, upime tena. Zikishuka volti 3 au 4, hakuna neno. Zikishuka 20, kuna kiungo kilicholegea au waya mwembamba. Kama na jirani analalamika, hasa saa za kupika jioni, laini imelemewa: toa taarifa TANESCO.

Taa hizi zinafifia, zile zinang'aa kupita kiasi. Hapa acha kupima. Kwenye nyumba ya fezi tatu hiyo ni nyutro iliyolegea au kukatika, na soketi nyingine zinaweza kukaribia volti 400. Zima mein swichi, chomoa friji na tivi, piga TANESCO. Nyumba ya fezi moja nayo haisalimiki nyutro ikikatikia nguzoni. Sili ya mita ya LUKU usiiguse.

Maswali kutoka mitaa ya Kigoma

*Gungu:* Fundi, taa ya chumba cha uani hufifia nikichemsha maji hukohuko tu. Ni mita 30 toka nyumba kubwa.
*Jibu:* Bila shaka umevutiwa waya wa milimita za mraba 1.5. Kwenda na kurudi ni mita 60, ukinzani kama omu 0.7, birika la wati 2000 linakula volti 6 njiani. Vuta wa 4, wenye breka yake.

*Ujiji:* Stabilaiza itasaidia?
*Jibu:* Kwa friji, laini ikiwa dhaifu, ndiyo. Kiungo kilicholegea haikitibu. Ikipandisha volti huvuta ampea zaidi, na kiungo kinazidi kuchemka.

*Mwanga:* LED yangu hubaki na mwanga hafifu hata nikizima.
*Jibu:* Swichi ina kitaa kidogo? Chanzo huwa ni hicho, haina hatari. Kama haina, pengine imekata nyutro: holda bado ina umeme hata ukizima, usibadilishe balbu kabla fundi hajahamishia laivu kwenye swichi.