Unaagiza maua mtandaoni Dar? Hakikisha unaongea na anayeyafunga, sio dalali

Ukitafuta maua mtandaoni hapa Dar utakutana na kurasa kibao, zote zina picha kali, zote zimeandika delivari mji mzima, na ukiuliza bei zote zinakujibu "karibu DM mpenzi". Kati ya hizo kuna wenye maua kweli, yani wana ndoo zao, mikasi yao na mtu wa kuamka alfajiri kupokea mzigo, na kuna wenye simu tu. Huyo mwenye simu tu ndio dalali. Anapokea hela yako, anatafuta mtu wa kufunga, anampa kilichobaki, na wewe unaletewa maua ya hicho kilichobaki.

Sio kila dalali ni mwizi, tuelewane hapo. Kupokezana oda za maua ni biashara ya zamani, Marekani wauza maua walianzisha umoja wao wa kupeana oda kwa telegrafu tangu 1910, mteja analipa mji huu, maua yanafungwa mji ule, na kila duka linajua linapata ngapi. Hata hapa mjini kuna wadada hawana duka ila anakwambia wazi "mimi nachukulia kwa fundi, naongeza yangu kidogo", huyo hana shida kabisa, unajua unamlipa usumbufu wake. Shida ni yule anayejifanya duka ni lake.

Hesabu yake inakwenda hivi. Tuseme umelipa laki na ishirini kwa bukee la waridi 50 uliloliona kwenye picha. Dalali anakata hamsini yake, anatenga kumi ya boda, alafu anakuja WhatsApp kwetu sisi tunaofunga na picha ileile uliyoipenda wewe, "dada nifungie kama hii kwa sitini, chap mteja anasubiri". Sisi tunaiangalia picha, tunaangalia na hela, tunajua haviendani hata kidogo, kwahiyo waridi zinapungua, majani yanaongezeka, gipsofila (vile viua vidogo vyeupe vya kujazia) inajazwa pembeni na karatasi inakunjwa mara mbili ili bukee lionekane limeshiba. Fundi hajakuibia, kafunga kulingana na hela aliyopewa. Ila wewe umelipia 50 umepata ishirini na kitu, ukilalamika dalali anasema ni fundi, na fundi hata jina lako halijui.

Sasa utamjuaje mtu hana maua? Muulize maswali ambayo majibu yake yako ndani ya ndoo. Hiyo ndio njia ninayoiamini kuliko zote, mana picha zinaibika, komenti zinanunuliwa, hata wafuasi wananunuliwa, ila majibu ya ndoo lazima uwe umesimama karibu na ndoo.

Usiulize "una waridi nyekundu?", mana dalali kila kitu kwake ni ndiyo. Uliza "leo una rangi gani na gani?" Mwenye maua atakwambia nyekundu zimebaki chache, nyeupe ziko vizuri, pinki mpaka kesho. Dalali atakwambia "rangi zote zipo dear". Hakuna rangi zote Dar kila siku. Waridi nyingi tunazofunga hapa hazilimwi Dar, joto la huku halizifai, zinatoka kaskazini, mashamba ya Arusha na Kilimanjaro, nyingine zinatoka Kenya, zinasafiri njia nzima na zinaingia kwa siku zake. Kwahiyo swali linalofuata ni "mzigo umeingia lini?" Mwenye maua anajibu hapohapo, jana usiku au leo asubuhi, na kama ni wa siku tatu zilizopita fundi mkweli atakushauri uchukue ua lingine. Alafu malizia na urefu wa shina. Waridi huwa zinapangwa kwa urefu, sentimita 40, 50, 60 na kuendelea, na bei inapanda na urefu. Ukiuliza "hizo ni sentimita ngapi?" fundi hafikirii mara mbili. Dalali anaenda kimya kwanza, alafu unaona "ngoja nikuulizie". Akisema nikuulizie we mshukuru, kashajitaja.

Meseji yenyewe inaweza kuwa fupi tu hivi:

"Habari dada, naomba kujua leo una waridi rangi gani, ziliingia lini na ni za sentimita ngapi. Pia naomba kavidio kafupi ka maua yalivyo kwenye ndoo, sio bukee lililofungwa. Nikiyapenda nitatuma boda wangu aje achukue, uko mtaa gani?"

Hiyo sentensi ya boda ndio nyundo. Dalali hawezi kukubali boda wako aje, mana hana pa kumuelekeza. Utasikia "sisi delivari ni bure", "hatutoi lokesheni kwa usalama", "duka liko kwenye ukarabati". Akikutajia mtaa mbane kidogo. Mtu akisema tupo Sinza, Sinza ni kubwa, Sinza ya wapi, Mori, Kijiweni, Afrika Sana, Madukani? Mwenye duka atakwambia shuka hapa, ingia kushoto, uliza kwa fulani. Na kweli mtume boda wako hata kama ungeweza kuletewa, mara nyingi nauli inakuwa ileile na yeye anakupigia picha akiwa palepale mlangoni.

Kuhusu kavidio, kuwa muungwana kidogo. Fundi akiwa na oda ya harusi mikono imejaa majani hawezi kushika simu muda huohuo, akikwambia nipe nusu saa mpe. Ila zikipita saa tatu alafu ikaja video yenye nembo ya duka lingine pembeni, au video ambayo duka linaonekana ni usiku wakati kwako ni saa sita mchana, jibu umepata. Ukitaka uhakika zaidi mwombe aandike jina lako kwenye kikaratasi akichomeke kwenye ndoo. Ni dakika moja tu kwa mwenye ndoo.

Tukija kwenye ukurasa wenyewe, mimi huwa naangalia ukuta kabla ya maua. Duka la kweli picha zake zinachosha kidogo, ukuta uleule, meza ileile, mikono ya mtu yuleyule yenye kucha zilezile, mwanga wa taa wa kawaida. Ukurasa wa dalali kila picha ina nyumba yake, hii sakafu ya mbao, hii dirisha lenye theluji nje (theluji, Dar!), hii mkono wa mzungu, hii maandishi ya Kirusi kwenye ribboni. Piga skrinshoti uitafute kwa Google Lens, ikija kwenye Pinterest na maduka kumi ya nchi tofauti basi hiyo ni picha ya kuokota. Kuokota picha peke yake sio kosa kubwa, hata mafundi wazuri wanaweka picha za mfano, ila lazima awe na za kwake pia. Kwenye Instagram gusa jina la akaunti ama vile vidoti vitatu, kuna sehemu ya kuhusu akaunti, kwa akaunti nyingi inaonyesha ilifunguliwa lini, iko nchi gani na imebadilisha jina mara ngapi. Alafu nenda kwenye picha alizotagiwa na watu wengine, sio alizoposti yeye. Bukee lililopigwa na mteja sebuleni kwake, na kochi na feni vinaonekana nyuma, lina thamani kuliko picha mia za studio.

Walioko nje hapa wasome vizuri, mana ndio wanaopigwa kuliko sisi. Uko London au Houston, birthday ya mama iko Jumamosi, unaandika maua Dar es Salaam unapata tovuti nzuri kabisa ina jina la Dar juu, unalipa kwa kadi kwa dola. Tovuti nyingi za hivyo hazina hata ndoo moja hapa. Ni ukurasa mmoja umetengenezwa mara nyingi, umebadilishwa jina la mji tu. Jaribu kutafuta jina la tovuti hiyohiyo pamoja na Kampala au Lusaka, utakuta picha zilezile, maneno yaleyale, "duka letu pendwa la hapa mjini". Dalili nyingine ni anwani. Fomu inakulazimisha postikodi ila haina pa kuweka alama kama msikiti, shule au sheli iliyo karibu, sasa boda atafika na nini? Wapigie au waandikie kwamba unataka ipelekwe Mbezi. Mtu wa Dar yeyote swali lake la kwanza ni "Mbezi ipi, Beach au ya Kimara?" Asiyeuliza hayuko Dar. Muulize tena delivari ya Mikocheni na ya Chanika ni bei gani, akisema ni sawa huyo hajawahi kumlipa boda kwenda Chanika. Kwa ndugu zangu wa nje njia rahisi ni kumtumia hela shangazi au rafiki aliye hapa akaagize, au umtafute fundi mwenyewe WhatsApp umhoji kama nilivyosema.

Kwenye malipo sheria yangu ni nusu sasa, nusu maua yakifika. Fundi anahitaji kianzio mana maua hayarudi shambani, ndio maana akiomba nusu usione anakutapeli. Anayetaka yote kabla hata hujaona ndoo, tena kwa haraka, "kuna mteja mwingine anayataka", huyo mwache na mteja wake. Lipia kwenye lipa namba yenye jina la biashara ikiwezekana, na kama ni namba ya kawaida soma jina linalotokea kabla hujaweka PIN. Ukurasa unaitwa kwa jina la dada, kwenye simu ameandika mimi ni mama fulani, alafu jina linakuja la mwanaume ambaye hajawahi kutajwa popote, simama hapo uulize. Anaweza kuwa mume wake kweli, ila uulize. Na ukiona namba imebadilika katikati ya mazungumzo, "ile imejaa tuma kwenye hii", ni ndugu yake na ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", tunaijua wote.

Maua ya noti ndio usijaribu kabisa na mtu usiyemjua. Unamtumia mtu hela akukunjie hela!

Mkikubaliana andika yote kwenye meseji moja, idadi ya mashina sio "bukee kubwa", rangi, maua halisi au ya ribboni (hapa ndio watu wanazidiwa akili, picha ni halisi inakuja satini), saa ya kufika, na kama rangi hiyo ikikosekana afanyeje. Hili la mwisho ni muhimu sana wiki ya Valentine, nyekundu zinaisha, bei inaruka, na madalali wanaota kama uyoga kuanzia tarehe 10. Omba delivari ya asubuhi, waridi kwenye boda saa saba mchana juu ya foleni ya Morogoro Road zinafika zimeinamisha vichwa. Yakifika anayepokea ayapige picha boda akiwa bado yupo, ahesabu, abonyeze taratibu chini ya kichwa cha ua pale petali zinapoanzia. Pakiwa pagumu ua bado bichi, pakibonyea kama sponji hilo lina siku nyingi. Petali za nje zikiwa na michubuko au ukijani usigombane na mtu, hizo huwa zinaachwa makusudi kulinda za ndani, unazitoa tu.

Na kama umetuma hela na mtu kakublock, piga 100 mtandao wako muda huohuo, wakiwahi kabla hajatoa unaweza kuokoa kitu, ripoti namba yake TCRA kupitia 15040, tunza skrinshoti zote na meseji ya muamala uende nazo polisi, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kwa ajili ya hayo. Usifute chati kwa hasira.

Kitu kingine watu hawakijui. Sisi kawaida tunachomeka kikadi cha duka kwenye bukee, na dalali kila mara anatuambia "msiweke kadi yenu". Kwahiyo bukee likija bila kadi wala stika, na maua yenyewe umeyapenda, mwambie anayepokea amuulize boda kayachukulia wapi. Boda atasema tu, hakuna aliyemkataza, na mara ijayo unaenda hapohapo moja kwa moja.