Jinsi ya kuunda timu ya uokoaji mtaani kabla masika hayajaanza

Ndugu zangu mnaokaa Jangwani, Kigogo na kwengine kote pembeni ya Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam, msisubiri maji yaingie ndani ndo muanze kutafuta kamba. Zimamoto wapo, namba ni 114, wapigieni mapema, ila barabara ikishajaa maji gari linakwama na anayekufikia kwanza ni jirani. Hata Bukoba Novemba 2022 ndege ilipoanguka ziwani wavuvi na mitumbwi yao ndo waliotangulia.

Anzeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, awatambue rasmi na awasaidie kuwapata Msalaba Mwekundu wawafundishe huduma ya kwanza, maana bila kutambulika siku ya mafuriko ukionekana unavunja mlango wa mtu usiku utaitiwa mwizi. Watu kumi na tano wanatosha, muhimu wawe wanalala hapohapo mtaani. Na akina mama wawemo jamani, wao ndo wanajua nani anaishi nyumba gani.

Kazi kubwa kuliko zote ni daftari. Piteni nyumba kwa nyumba muandike mzee asiyeweza kutembea, mjamzito, mlemavu, watoto wanaobaki peke yao wazazi wakienda kazini, alafu muandike analala chumba gani na mlango uko upande gani, kwasababu usiku umeme umekatika na watu wanapiga kelele hamtapata muda wa kuuliza. Hilo daftari msilipige picha mkalirusha kwenye grupu la wasapu, ni siri za watu.

Vifaa sio vya gharama: kamba ya manila ndefu, filimbi, tochi, gambuti, na madumu ya lita 20 yenye vifuniko. Dumu tupu lililofungwa vizuri linamuelesha mtu mzima akilikumbatia. Funga kamba kwenye mkono wa dumu, mrushie, nyie wa nchi kavu kaeni chini mshike kamba wawili au watatu, mkondo wenyewe utamsogeza ukingoni. Usijifunge kamba kiunoni hata siku moja, ikinasa itakuzamisha.

Na nawaomba sana vijana, msiingie kwenye maji yanayokimbia hata kama unajua kuogelea. Maji ya sentimita 15 tu, hata gotini hayafiki, yakiwa na kasi yanamuangusha mtu mzima. Kwenye maji yaliyotulia tangulizeni mti mrefu kupapasa chini maana mashimo ya vyoo na mitaro hayaonekani, na kama nyumba ina umeme mein swichi izimwe kwanza na mtu aliye pakavu, asipokuwepo pigeni simu TANESCO wakate.

Fanyeni mazoezi jumapili moja kila mwezi, mkubaliane filimbi tatu maana yake nini. Maji yakipungua rudini kwenye daftari muite jina moja moja, asiyeitika atafutwe hapohapo, na maji ya kunywa yachemshwe maana kipindupindu kinafuata nyuma.