Kuripoti ubadhirifu wa fedha za umma Moshi

Taarifa kama "mtendaji amekula hela ya zahanati" haifiki mbali. Mchunguzi anataka mahali pa kuanzia: jina la mradi, kijiji na kata, fedha ziliingia lini na kiasi gani, nani alipokea vifaa, nini kinakosekana. Ukisema "stoo waliandika mifuko 200 ya saruji, gari lilishusha 120, shahidi ni mlinzi", kazi imeanza.

Takwimu anza kuzitafuta kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Nakili kinachosomwa, kisha linganisha na kilichopo: idadi ya mabati, unene wa nondo, milango. Piga picha zenye tarehe. Nyaraka halisi usizichukue. Kuziondoa ofisini kunaweza kukugeuza wewe mtuhumiwa.

Halafu piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU (taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa), au nenda ofisi yao ya mkoa wa Kilimanjaro mjini Moshi. Andika tarehe na jina la ofisa aliyekupokea, ili ukifuatilia usianze upya.

Wengi huharibu hapa: wanarusha picha kwenye grupu la WhatsApp la kijiji kwanza. Mhusika anaamka, daftari la stoo linaandikwa upya usiku huohuo. Nyamaza, hata kwa jirani. Sheria ya mwaka 2015 inalinda watoa taarifa, ila siri uliyoimwaga mwenyewe haizoleki. Kudanganya makusudi hakulindwi.