Somo: Kupanga siku msimu wa korosho ukiwa na genge au kazi nyingine

Ikifika Oktoba, mtu wa Newala, Tandahimba au Nachingwea mwenye shamba na genge hujikuta kazi zote zinamtaka asubuhi ileile. Wengi huandika orodha ndefu, halafu wanaanza na kilicho chepesi. Anza na kazi ambazo saa yake huipangi wewe, bali jua, umande na mzani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima kinachopokea korosho).

Hatua ya 1: Daftari, usiku, dakika 10. Andika kazi zote za kesho. Zungushia duara zile zisizongoja: kuokota, kuanika, kugeuza, kuanua, kupeleka ghalani. Zipe saa hizo kwanza, kisha ongeza nyingine mbili tu.

Hatua ya 2: Pima, usikisie. Hapa ndipo ratiba nyingi zinapoharibikia. Chukua ndoo ya lita 20, tazama saa unapoanza kuokota, tazama tena ndoo ikijaa korosho zilizokwisha konyolewa, yaani kutenganishwa na bibo, tunda lake. Watu hukumbuka kuokota wakasahau kukonyoa, na bibo lililoiva sana huacha nyama kwenye korosho ambayo lazima uitoe kwa kidole, moja moja. Ikiwa ndoo moja imekula dakika 40, ndoo nne ni saa mbili na dakika 40. Ukijipa saa moja na nusu, genge litafunguliwa saa nne na wateja wa vitafunio wameshapita.

Hatua ya 3: Kengele ya simu. Saa kumi na moja alfajiri kwenye simu ni 05:00, na saa nane mchana ni 14:00. Anayeandika 11:00 akikusudia alfajiri ataamshwa jua likiwa kali. Weka kengele tatu: kuamka, kugeuza korosho mchana, kuanua saa kumi na moja jioni (17:00). Makundi ya WhatsApp yazimie sauti hadi jioni.

Hatua ya 4: Kazi moja kwa wakati. Kwa hesabu za genge au kusoma, tumia mtindo wa Mwitaliano Francesco Cirillo: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika. Shambani mtindo huo haufai, maana kengele itakukuta katikati ya mti. Huko pumzika kwa mkorosho: maliza kivuli cha mti mmoja, kunywa maji, nenda mwingine.

Hatua ya 5: Kabla ya kulala, kata zilizokamilika. Kazi iliyohamishwa siku tatu mfululizo ni kubwa mno. Igawe, au ifute.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tandahimba): Shikamoo mwalimu. Foleni ya AMCOS inanila siku nzima. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba. Jioni ya kuamkia siku hiyo mpigie katibu, uliza kama magunia yapo na mzani unafanya kazi. Korosho ziende zimekauka, jua la siku mbili hadi tatu, na zimechambuliwa. Chukua kiganja kimoja, kitikise karibu na sikio: zilizokauka zinalia. Anayerudishwa kuanika upya amepoteza siku mbili, si moja. Ukiwa kwenye foleni fanya hesabu za genge, daftari halina uzito.

Swali (Ruangwa): Mimi ni mama lishe, nina watoto wadogo. Kila ratiba inavunjika kabla ya adhuhuri.
Jibu: Pole dada. Ratiba yako imejaa mno. Acha saa nzima tupu, kuanzia saa tisa hadi saa kumi alasiri, usiipangie chochote. Mtoto akiugua au kuni zikichelewa, kazi iliyokwama inaingia hapo. Maharage yachambue na kuyaloweka usiku. Asubuhi yataiva upesi na kuni utatumia chache.

Swali (Masasi): Ratiba hii inafaa wakati wa kupuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho?
Jibu: Inafaa, na hapo ndipo saa inabana zaidi. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande wa kuishika na upepo ukiwa umetulia. Upepo ukianza, unga unaondoka na hela yako. Kwa hiyo bomba la kupulizia lijaribiwe jana yake saa kumi jioni, petroli iwe imeshanunuliwa, barakoa na miwani viwe juu ya bomba. Kengele weka 04:30, yaani saa kumi na nusu alfajiri. Kama shamba liko mbali, toa muda wa kutembea kwanza, ndipo uweke kengele.