Namna ya Kutafuta Mahali pa Kupigia Picha za Kisanii Mji Mkongwe

Mgeni anayefika Unguja na kamera yake aanze siku ya kwanza kwa kutembea bila kupiga picha, akipita Shangani, Hurumzi na Kiponda, na kuandika mahali ambapo mwanga unamvutia na saa aliyouona. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba na kuta zake ni ndefu, hivyo asubuhi jua hugonga sehemu za juu tu, na mwanga unaoteremka chini huwa laini, ukafaa sana kwa sura za watu na kwa milango ya nakshi.

Mlango usipigwe wote kwa mara moja. Sogea karibu mpaka uone njumu za shaba zilivyochakaa kwa kuguswa, na mnyororo uliochongwa ukizunguka fremu. Kwangu mimi, kipande hicho kidogo hueleza mji kuliko picha ya jengo zima.

Jioni nenda Forodhani kabla ya saa kumi na mbili, kwa kuwa ufukwe huo unaelekea magharibi, na vijana wanaoruka baharini huonekana kama vivuli vyeusi mbele ya jua linalozama. Soko la Darajani, lililojengwa 1904, linataka asubuhi, samaki wanapoletwa mnadani.

Kwenye baraza walipoketi wazee, toa salamu kwanza, kaa kidogo, kisha omba ruhusa; ukikataliwa, shukuru na uiweke kamera chini.