Unga wa mlonge na ubuyu kwa mjamzito mwenye upungufu wa damu

Mjamzito akipimwa kliniki na wekundu wa damu ukakutwa chini ya 11, tiba yake ni vidonge vya FEFO (madini ya chuma pamoja na foliki asidi) kwa dozi atakayopangiwa na mhudumu. Mlonge ni mboga ya kusindikiza. Hesabu yake iko wazi: kidonge kimoja kina miligramu 60 hivi za madini ya chuma, wakati kijiko cha chai cha unga wa mlonge hakifikishi hata moja. Vidonge vikikuletea kichefuchefu, usiviache. Meza usiku baada ya kula. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

Kwa unga wa mlonge, chuma majani tu. Mizizi na magome ya mlonge mjamzito asiyaguse, yanaweza kuchokoza mji wa mimba. Huku Dodoma wakati mzuri ni mwezi wa tatu na wa nne, kabla kiangazi hakijamaliza mboga. Osha kwa maji mawili, kung'uta, kisha tandaza tabaka moja juu ya kitambaa safi ndani ya chumba chenye hewa. Ukianika juani, majani yanababuka na vitamini A inapotea. Baada ya siku tatu au nne, lisugue jani kwa vidole: likisagika kama majani ya chai, tayari, likipinda, bado lina maji, na ukilifungia kwenye kopo litaota ukungu. Unga wenye ukungu mwaga wote, usichambue. Twanga, chekecha, hifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na mwanga.

Kwa siku kijiko kimoja cha chai kinatosha. Nyunyiza kwenye mlenda au maharage wakati wa kuepua, usiuchemshe.

Uwele na mtama vina kitu kinachong'ang'ania madini ya chuma yasiingie mwilini, na hapo ndipo ubuyu unaposaidia kwa vitamini C yake. Koroga vijiko viwili vya chakula vya unga mweupe wa ubuyu kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, chuja, unywe pamoja na mlo. Ule mwekundu wa dukani, wenye rangi na sukari, haufai kwa kazi hii. Chai nayo iache kando saa mbili kabla na baada ya mlo au kidonge. Na udongo wa kula, mama, hata ule wa pemba wa sokoni, acha kabisa: unazuia madini ya chuma na unaweza kuleta minyoo.

Rudi upime baada ya wiki nne. Kipimo kinapaswa kuwa kimepanda kwa 1 hivi, mfano kutoka 9 hadi 10. Kisipopanda, usiongeze vijiko vya mlonge. Mhudumu atazame malaria, minyoo au seli mundu, na umtajie kila unachotumia. Viganja vikiwa vyeupe, moyo ukienda mbio au pumzi ikikata ukiwa umekaa tu, au kipimo kikiwa chini ya 7, nenda hospitali siku hiyohiyo.